FAFSA: wazazi wapo Morogoro, mimi naishi kwa ba'mdogo Minnesota. Mimi ni tegemezi au najitegemea?

MtotoWaKihonda

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Naombeni msaada wa mawazo maana nimekwama na FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo Marekani, wiki nzima silali vizuri.

Mimi nina miaka 19. Nilizaliwa hapa Marekani 2006 baba akiwa anasoma masta, tukarudi Tanzania nikiwa na miaka miwili, nimekulia Kihonda pale Moro mpaka fom tuu, afu 2022 nikaletwa huku Minnesota kwa baba yangu mdogo nimalizie shule. Nimemaliza hai skuli 2025, nikafanya kazi wearhausi mwaka mmoja ili nisiwe mzigo sana kwa ba'mdogo maana na yeye ana watoto watatu, na sasa nimepata chuo cha kuanza mwezi wa nane huu 2026. Baba ni mwalimu wa sekondari, mama ana duka dogo la vitenge na wana shamba la mahindi huko Mvomero.

Sasa kuna jamaa kazini akaniambia we wazazi wako hawapo Marekani, hawalipi kodi huku, jaza tu kwamba unajitegemea. Nikaona ina mantiki. Kwenye fomu nikafika lile swali la hali zisizo za kawaida, linauliza kama kuna jambo linakuzuia kuwasiliana na wazazi wako, mi nikaweka ndiyo, kwa akili yangu kuwa mbali maili elfu ngapi sijui si ndo hali isiyo ya kawaida yenyewe. Fomu ikapita, haikuniuliza habari za wazazi tena, ikaandika nimekubaliwa kwa muda kama mwanafunzi anayejitegemea na nikaona makadirio ya Pell, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa. Nilifurahi nikampigia mama nikamwambia mambo yamekaa sawa.

Wiki mbili baadae ofisi ya misaada ya chuo ikanitumia imeili wanataka ushahidi wa hiyo hali, na wakaniita kwenye Zoom. Yule mama alikuwa mpole tu, ana karatasi mbele yake anaandika, akaniuliza mara ya mwisho kuongea na mama yako ilikuwa lini? Nikamwambia jana usiku. Akaacha kuandika. Akaniuliza tena, na baba? Nikasema baba alikuwepo hapohapo pembeni anasalimia. Basi akaniambia kwa upole kwamba hii haiwezi kupita, inabidi nirekebishe fomu niwe tegemezi na wazazi wote wawili wajaze sehemu zao.

Hapo ndo nimechanganyikiwa. Mama hana soshol (namba ya Social Security ya Marekani). Wazazi hawajawahi kujaza kodi ya Marekani. Baba ananiambia huo mshahara wa mwalimu wataupima na nini huko, na anaogopa wakijaza wataanza kudaiwa wao. Je siwezi kumweka ba'mdogo kama mzazi? Maana yeye ndo ananilisha na kwenye kodi zake ananiandika mimi kama tegemezi wake. Na je, hili la kujaza vibaya mwanzo litahesabika nimedanganya serikali? Hili ndo linaninyima usingizi kuliko yote.

---

Dada_wa_Dirishani

Marahaba mdogo wangu. Kwanza tulia, upumue. Nafanya kazi ofisi ya misaada ya wanafunzi kwenye chuo kimoja (siyo jimbo lako) mwaka wa 9 sasa, na kosa ulilofanya naliona kila msimu, hasa kwa watoto wetu wa Afrika Mashariki. Hukudanganya, ulielewa swali vibaya, ulipoulizwa ukasema ukweli, sasa unarekebisha. Ile adhabu iliyoandikwa kwenye fomu, faini hadi dola 20,000 au kifungo au vyote viwili, ni ya mtu anayejua ukweli akaandika uongo makusudi. Ungemwambia yule mama hujaongea na wazazi miaka mitatu, hapo ndo ungeingia pabaya.

Sasa sikiliza. FAFSA haina habari na wazazi wanaishi wapi. Wakae Moro, wakae Minneapolis, wakae mwezini, kama una miaka chini ya 24 na hujaangukia kwenye zile sababu zao wewe ni tegemezi basi. Kwa mwaka huu wa 2026-27 lazima uwe umezaliwa kabla ya Januari 1, 2003, wewe wa 2006 bado sana. Sababu zingine ni ndoa, kusoma masta au PhD, kuwa jeshini au mwanajeshi wa zamani, kuwa na mtoto au mtu mwingine ambaye zaidi ya nusu ya matumizi yake yanatoka mfukoni kwako, kufiwa na wazazi wote wawili ukiwa umeshafika miaka 13 au kabla, kuwa chini ya uangalizi wa mahakama au familia ya malezi ya serikali, kutangazwa na mahakama kwamba unajitegemea, au kukosa makazi ukiwa peke yako bila mzazi. Hakuna hata moja hapo inayosema wazazi wapo nje ya nchi. Kufanya kazi na kujilipia mwenyewe nako hakukufanyi ujitegemee, hata ungekuwa unalipa kodi ya nyumba mwenyewe.

Lile swali uliloweka ndiyo ni la watu walioumizwa. Sheria inataja mambo kama biashara haramu ya binadamu, ukimbizi, mzazi aliyekutelekeza au mkatengana kabisa, mzazi au wewe kuwa gerezani, au pale ambapo kuwasiliana nao kunakuhatarisha. Na sheria hiyohiyo inasema waziwazi kwamba mzazi kukataa kuchangia, kukataa kujaza fomu, kutokuandika kwenye kodi yake, au wewe kujimudu kwa kila kitu, hivyo peke yake havitoshi. Umbali haumo kabisa. Mtu unayeongea nae WhatsApp jana usiku anafikika.

Ba'mdogo hapana. Najua kwetu baba mdogo ni baba, na huyo amekulea kweli, lakini FAFSA inatambua mzazi wa kuzaa au aliyekuasili kwa karatasi ya mahakama, na wa kambo akiwa ameoana na mzazi wako. Mjomba, shangazi, bibi, babu, dada, hawa wote hawaingii hata kama wamekulisha tangu una meno ya utoto. Na habari ya kukuandika kwenye kodi yake ni mambo ya watu wa kodi, ofisi nyingine, sheria nyingine, tegemezi wa kodi na tegemezi wa FAFSA ni vitu viwili tofauti. Habari njema ni kwamba mapato ya ba'mdogo nayo hayaingii, wala chakula na chumba anachokupa huandiki popote.

Na mwambie baba, kwa heshima zote, kujaza fomu siyo kuweka saini ya kudaiwa. Fomu inapima uwezo wa familia tu. Haimlazimishi mzazi kulipa hata senti. Uraia au viza ya mzazi haiulizwi pia, uraia unaoangaliwa ni wako.

---

Kipara_wa_Columbus

Dogo mi naona hapo kuna njia, ba'mdogo wako aende mahakamani achukue ulezi wa kisheria halafu unakuwa mtoto mwenye mlezi, nasikia hao wanahesabika wanajitegemea. Binamu yangu alipita hivyo na wala wazazi wake hawakuulizwa kitu.

---

Dada_wa_Dirishani

@Kipara kaka yangu, binamu yako inawezekana kabisa, kama mahakama ya jimbo analoishi ilimpa mtu ulezi akiwa bado mtoto. Huyu ana miaka 19, ni mtu mzima, hakuna hakimu atakayempa mtu ulezi wake sasa hivi. Na zile barua ambazo wazazi huandika kwa wakili kule nyumbani, "nampa mdogo wangu mamlaka ya kumlea mwanangu akiwa Marekani", zilimsaidia kuandikishwa shule na kupelekwa hospitali ila kwa FAFSA hazina nguvu. Hizo barua naletewa sana, zingine zina mihuri mitatu ya kila rangi. Inauma kuzirudisha.

---

MamaWaThika

Mimi ni mama niko hapa Thika na nimepitia hii kitu kutoka upande ule mwingine, upande wa mzazi, kwa hivyo wacha niseme. Kijana yangu alienda Texas na baba yake kwa grin kadi, baba akafariki 2022, kijana akabaki kwa ami yake. Ilipofika mambo ya chuo mimi nilidhani hiyo ndio itamsaidia, maana kwetu mtoto aliyefiwa na baba ni yatima, hata msikitini na kanisani anaitwa yatima. Kumbe kwa hao watu yatima ni aliyefiwa na wote wawili. Mimi niko hai, basi mimi ndio mzazi wake na ni lazima nijaze. Nililia kidogo nikiambiwa, sitaficha, halafu nikajaza.

Soshol sina. Haikuwa shida kubwa. Unafungua akaunti kwa ile tovuti ya StudentAid, mahali wanauliza soshol unaonyesha huna, unaendelea na jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, imeili na anwani ya hapa Kenya. Kijana yangu alinitumia mwaliko kwa imeili yangu, nikaufungua, nikaingia na akaunti yangu mimi. Tafadhali usimfungulie mama yako akaunti wewe na imeili yako. Sisi tulifanya hivyo mara ya kwanza tukafungana wenyewe, code zinaenda kwa simu yake na mimi ndio nimeambiwa niweke, tukakaa siku nne. Mama awe na imeili yake, aandike paswedi kwa daftari. Na jina liwe vile liko kwa pasi au kitambulisho, herufi kwa herufi. Mimi kwa pasi niko na majina matatu, kwa simu niko na mawili, nikasumbuka.

Kitu nyingine ni ile sehemu ya kukubali. Wanauliza kama unaruhusu habari zako za kodi zichukuliwe kutoka kwa IRS, watu wa kodi wa Marekani. Mimi nikasema hawa watachukua nini na mimi sijawahi lipa kodi kwao, nikataka kukataa. Usikatae! Hata kama huna chochote huko lazima ukubali, ukikataa mtoto hapati msaada wowote wa serikali kuu. Nikakubali, halafu mapato nikajaza mwenyewe kwa mkono. Mimi niko na P9 ya kazini, ile karatasi ya mshahara na kodi ya mwaka, na nilikuwa nimefile kwa iTax, mtandao wa kodi wa Kenya, kwa hivyo nikatoa hesabu hapo, nikagawanya kwa bei ya dola ya siku hiyo, nikapata namba. Baadaye chuo kikaitisha karatasi nikatuma PDF ya iTax, ikaisha.

Tuliijaza kwa video, mimi asubuhi saa kumi na mbili na nusu kabla niende kazi, yeye usiku. Mara tatu ilikataa. Ya nne ikaingia. Mwambie baba asiogope mwanangu, mimi hakuna mtu amewahi kunidai.

---

MtotoWaKihonda

Asante sana mama, pole kwa msiba, Mungu azidi kukutia nguvu. Na dada asante sana. Nimempigia baba saa nne usiku huku, kule ni saa kumi na mbili asubuhi, nimemsomea yote mliyoandika. Ameelewa habari ya kudaiwa. Ila ana maswali, yeye hajawahi kufile ritani popote, PAYE inakatwa juu kwa juu kwenye mshahara, kwahiyo hana karatasi ya kodi ana salari slipu tu. Na mama wa dukani hana hata slipu. Afu pia baba kakumbuka kitu, anasema alipokuwa anasoma huku alifanya kazi maktaba ya chuo masaa kumi kwa wiki, na alipewa kadi ya soshol. Anasema ipo kwenye bahasha ya kaki na vyeti vyake. Hiyo si imeshakufa? Ni ya 2005.

---

Dada_wa_Dirishani

Haijafa! Soshol haifi, ni ya mtu maisha yake yote hata kama viza iliisha miaka 20 iliyopita. Ni vizuri umeuliza, maana baba akijiandikisha kama mtu asiye na soshol wakati anayo mnaweza kutengeneza mkanganyiko wa kumaliza miezi. Baba atumie namba yake, na jina liwe lilelile lililo kwenye ile kadi. Aitoe kwenye bahasha aipige picha vizuri aikuze, tofauti ya jina moja kuandikwa kwa kifupi inatosha mfumo kumkataa. Mama ndo afungue akaunti isiyo na soshol kama alivyoeleza mama wa Thika, na akiulizwa kuthibitisha yeye ni nani awe na pasi au kitambulisho cha NIDA karibu.

Wote wawili lazima waingie, ndio. Fomu ingetosheka na mmoja kama wangefile kodi ya Marekani kwa pamoja kama mke na mume, sasa kwetu hakuna kitu hicho, kwahiyo ni mialiko miwili.

Mapato. Mwaka unaoangaliwa kwa 2026-27 ni 2024, siyo mwaka huu. Achukue slipu za 2024 zote au barua ya mwajiri, mnaangalia mshahara kabla ya makato, siyo teki homu. Tuseme kwa mfano tu analipwa 1,200,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 14,400,000, na dola siku mnayojaza iwe 2,500, unapata dola 5,760. Hiyo ndo namba, kwa mwaka mzima. Unaona? Watu wanaficha mshahara wa nyumbani wakidhani utawanyima msaada wakati ndo unaowapa. Pell inapimwa kwa SAI, kile kipimo cha uwezo wa familia kinachotoka kwenye fomu, kinaweza kushuka mpaka hasi 1,500, na Pell ya juu kabisa kwa 2025-26 ilikuwa dola 7,395. Familia yenye kipato cha namna hii wakijaza kwa ukweli mara nyingi wanatoka vizuri kuliko mtoto aliyejifanya anajitegemea huku ana mshahara wa wearhausi wa mwaka mzima. Fikiria hilo.

Kwenye swali la kodi kuna sehemu ya kuonyesha kwamba mtu alipata kipato nchi ya nje na hakufile ritani wala hatafile, baba achague inayolingana na hali yake kweli. Kuhusu mama, chukueni daftari la duka. Msibuni. Mauzo toa gharama ya mzigo, pango, leseni, kinachobaki ndo kipato chake. Ofisi ikiomba uthibitisho ataandika maelezo mafupi ya kurasa moja na kuweka saini, wewe uweke tafsiri ya Kiingereza chini yake.

Mali: nyumba wanayoishi haihesabiwi. Duka dogo la familia mwaka huu halihesabiwi pia, kuna sheria ilipitishwa Julai 2025 iliyorudisha msamaha wa biashara za familia zenye wafanyakazi wasiozidi 100, unaanza na fomu hii ya 2026-27. Shamba linasamehewa pale tu familia inapoishi juu yake. Mvomero hamuishi, kwahiyo andikeni thamani yake mtakayoweza kuitetea, bei ambayo mtu wa pale kijijini angelipa leo, toa deni kama lipo. Kama kuna kiwanja kingine kimekaa tu na chenyewe kinaingia.

---

BintiFizi

Mimi nasoma hii nikiwa Louisville na nataka kusema kitu kwa wengine watakaosoma, maana kuna watu ile sehemu ya hali zisizo za kawaida ni yao kweli na wanaogopa kuitumia.

Mi nilitoka kambi ya Nyarugusu na shangazi yangu. Wazazi tulipotezana nao kule Fizi, Kongo, nikiwa na miaka sita, hatujui kama wako hai, hatuna cheti cha kifo kwa sababu hakuna aliyeona. Kwa hiyo siwezi kusema mimi ni yatima, na siwezi kuleta mzazi. Mwaka wa kwanza nilikaa bila kujaza FAFSA kabisa, nikalipa darasa mbili mbili kwa pesa ya kuosha vyombo, kwa sababu kila mtu aliniambia lazima mzazi atie saini. Mwalimu mmoja ndiye aliniambia nenda ofisini ueleze. Nikaenda. Walinihoji karibu saa moja, wakaandika kila kitu, nikapeleka barua ya shirika lililotupokea na karatasi zangu za ukimbizi ambapo jina la shangazi ndilo limeandikwa kama mkubwa wa familia, na hakuna jina la baba wala mama. Wakanikubali. Mwaka wa pili hawakunihoji tena, waliniuliza tu kama kuna kilichobadilika.

Mahojiano yenyewe ni ushahidi, hiyo ndiyo watu hawajui. Hata kama huna karatasi nyingi wanaweza kukusikiliza na kuandika. Kwa hiyo kaka wa Morogoro mimi sikulaumu lakini nimefurahi umesema ukweli pale kwenye Zoom. Una mama wa kumpigia. Mpigie mjaze.

---

MtotoWaKihonda

Dada nimesoma yako mara mbili. Pole sana, na asante. Sikuwa najua lile swali ni la nani.

---

Pwani_hadi_Muscat

Assalaam alaykum. Na mzee akigoma je? Mi babangu yupo Muscat, mama alishafariki, mzee hataki hata kusikia, anasema siwapi watu wa serikali ya Marekani hesabu zangu, miaka miwili sasa. Tunaongea vizuri kila Ijumaa ila likifika hilo anakata simu. Nimesoma hapo juu kwamba kukataa hakutoshi, sasa mi nifanyeje nisubiri nifike 24?

---

Dada_wa_Dirishani

Waalaykum salaam. Kaka yangu kwa hali yako kukataa kwake hakukufanyi ujitegemee, ni kweli, ila usikae bure. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuonyesha kwamba mzazi hataki kutoa taarifa zake na wewe huna hali isiyo ya kawaida. Ukichagua hiyo, Pell hupati, ila ofisi ya chuo inaweza kukupa mkopo wa serikali ule ambao riba inaanza kuhesabiwa tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza mwisho wake dola 5,500, wa pili 6,500, wa tatu kuendelea 7,500. Ni mkopo, utaulipa, kwahiyo chukua unachohitaji tu.

Lakini mimi kabla ya hapo ningejaribu tena na mzee. Mara nyingi mzazi anachoogopa sicho kilichomo. Msomee maswali moja moja kwa simu, bila kumwomba ajaze, asikie tu. Nina mwanafunzi mmoja baba yake alikuwa anaamini wataanza kumkata kodi mshahara wake wa Ghuba. Alipoona hakuna swali la akaunti za watu wengine wa ukoo wala namba ya benki, alijaza mwenyewe kwa dakika ishirini.

---

Mkongwe_StPaul

Nipo Minnesota miaka mingi, naongeza la jimbo maana hapo juu hamjaligusa. Dogo ukishamaliza FAFSA usiishie Pell. Kuna North Star Promise ilianza msimu wa majani kudondoka 2024, familia yenye kipato chini ya dola 80,000 ada ya vyuo vya umma vya Minnesota inafutwa kile kilichobaki baada ya misaada mingine. Lazima uwe mkazi wa Minnesota, na hapa ndo watu wetu wanatishwa, wanaambiwa mzazi wako hayupo Minnesota kwahiyo we siyo mkazi. Kwa misaada ya jimbo hapa mtu aliyemaliza hai skuli ya Minnesota akiwa anaishi humu anahesabika mkazi. We umemaliza hapahapa. Beba transkripti yako ya hai skuli ukienda ofisini, usingoje waiombe.

Ila wale wa majimbo mengine ulizeni kwanza, majimbo mengi mwanafunzi tegemezi ukazi wake unafuata wa mzazi, na mzazi akiwa nje unaweza kupigwa ada ya mtu wa nje ya jimbo ambayo ni mara mbili au tatu. Hilo ni swali la ofisi ya usajili siyo ya misaada, na fomu yake ni nyingine.

---

MtotoWaKihonda

Wakuu narudi na taarifa. Jana usiku tumekaa kwenye video masaa mawili na nusu. Baba alikuja na ile bahasha, kadi imepauka rangi ila namba inasomeka, na jina la katikati limeandikwa herufi moja tu kama dada alivyosema, tungeandika jina lote tungekwama hapohapo. Yake imeingia mara ya kwanza. Mama imeili yake ilikuwa haijafunguliwa tangu alipokuwa VICOBA, tukatafuta paswedi mpaka mdogo wangu akaipata nyuma ya kalenda. Ya mama imeingia ila imeandika bado wanathibitisha utambulisho, ametuma picha ya pasi.

Duka tulipiga hesabu kwa daftari lake, mama anaandika kila kitu, hata mteja aliyechukua kitenge kwa mkopo na hajarudi. Mi sikuwahi kujua duka linabakiza kidogo kiasi kile na bado kila mwezi alikuwa ananiuliza kama nina hela ya kula. Tukaandika kama ilivyo.

Mimi nimefuta lile jibu la hali isiyo ya kawaida na nimemwandikia yule mama wa ofisini imeili kumweleza, amenijibu leo asubuhi kwamba ameona marekebisho na niende Alhamisi na transkripti na slipu za baba. Mkongwe asante kwa la transkripti. Slipu za 2024 zimepatikana kumi, mbili hazipo, mwezi wa tatu na wa kumi na moja.

---

Dada_wa_Dirishani

Kumi na barua ya mwajiri zinatosha kuanzia, baba aiombe barua leo kabla shule hazijafunga, iwe na jumla ya mwaka 2024 kabla ya makato na muhuri. Na piga skrinishoti ule ukurasa unaoonyesha sehemu ya mama iko kwenye uthibitisho, na tarehe ionekane, Alhamisi uwaonyeshe.